Kuogelea Katika Triathloni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hatari za Maji ya Wazi

Maswali haya huulizwa na watu wanaojiandaa kwa triathloni yao ya kwanza, na vilevile na wake, waume na wazazi wao wanaobaki ufukweni wakisubiri. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo jibu fupi linaweza kumponza mtu. Daktari anayekujua na mwokoaji anayeyaona maji ya siku hiyo wana uzito kuliko ukurasa wowote, ukiwemo huu.

Triathloni ni nini, na kuogelea kunachukua nafasi gani?

Ni michezo mitatu inayofanywa mfululizo bila kupumzika: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Umbali wa Olimpiki ni kilomita 1.5 majini, 40 kwa baiskeli na 10 kwa miguu. Ironman kamili, mbio ndefu za aina hii, ni kilomita 3.8, 180 na 42.2, na nusu yake ni nusu ya hizo. Kwa muda, kuogelea ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Mshiriki wa kawaida anayemaliza umbali wa Olimpiki kwa saa tatu huwa majini kama nusu saa hivi. Hiyo nusu saa ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hatari.

Ni kweli kwamba vifo vingi vya triathloni hutokea majini?

Ni kweli, na takwimu zake zipo. Madaktari wa Marekani walichunguza mbio zilizofanyika nchini mwao kuanzia Januari 2006 hadi Septemba 2008. Kati ya washiriki 959,214 walikufa 14, na 13 kati ya hao walikufa wakati wa kuogelea. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2017, ulikusanya visa vya tangu 1985 hadi 2016: watu 135 waliokufa au waliosimama moyo wakazinduliwa. Kati yao, 90 walipatwa majini. Wastani wa umri ulikuwa karibu miaka 47, na wanaume walikuwa asilimia 85.

Kwa ujumla ni chini ya watu wawili kwa kila washiriki 100,000, kwa hiyo sikwambii ukae nyumbani. Lakini kwa wanaume wenye miaka 60 na kuendelea kiwango kilifika 18.6 kwa kila 100,000. Wenye umri huo wasiambiwe kwamba takwimu ya jumla inawahusu wao pia.

Kwa nini majini? Si watu hawa wanajua kuogelea?

Wengi walijua, tena vizuri. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kujua kuogelea ni sehemu moja tu ya usalama. Yanayotokea kwenye dakika za mwanzo ni mengi, na huja yote kwa pamoja.

La kwanza ni mshtuko wa baridi. Ngozi ikipoa ghafla, hasa kwenye maji ya chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mtu huvuta pumzi moja kubwa bila kutaka, kisha huhema mbio asiweze kujizuia. Moyo unapiga haraka na presha inapanda. Pumzi ile kubwa ikikukuta uso uko chini ya maji, unavuta maji badala ya hewa. Hali hii hupungua yenyewe baada ya dakika mbili au tatu, na ni dakika hizohizo ambazo kila mtu anakimbilia boya la kwanza.

La pili ni mvutano ndani ya moyo wenyewe. Baridi ya ngozi inauambia moyo uende mbio. Papo hapo, uso uliozama na pumzi iliyobanwa vinauambia moyo upunguze mwendo, kama inavyotokea kwa wapiga mbizi. Mwaka 2012 Michael Shattock na Michael Tipton, watafiti wa Uingereza, walieleza kwamba amri hizi mbili zikigongana, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na kwa mtu mwenye kasoro ya moyo asiyoijua, kuvurugika huko kunaweza kumuua. Mapigo yaliyovurugika hayaachi alama mwilini. Mtu akitolewa majini amekufa, ni rahisi kuandikwa kwamba alizama, na moyo usitajwe.

La tatu ni msongamano. Mamia ya watu wanaingia kwa pamoja, wanapigana viwiko na mateke na kupandana migongoni kama abiria wanaogombea daladala jioni. Miwani inang'oka, maji yanaingia mdomoni, hofu inapanda. Suti ya mpira, vazi la kuogelea linalozuia baridi, ikibana kifua inaongeza hisia ya kukosa hewa.

Na la nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: majini hakuna pa kusimama. Ukizidiwa kwenye baiskeli unakanyaga breki. Ukizidiwa kwenye mbio unakaa kando ya barabara, na mtu anakuona. Kisa kilekile cha moyo ambacho nchi kavu kingeishia kwa mtu kulazwa chini na kukandamizwa kifua mara moja, majini kinaishia na mtu aliyezimia uso chini katikati ya kofia mia tatu zinazofanana.

Nina miaka hamsini na natumia dawa za presha. Nishiriki?

Onana na daktari kwanza, na umwambie wazi kwamba ni kuogelea kwenye ziwa au bahari ukiwa na kasi ya mashindano. Usimwambie tu kwamba unafanya mazoezi. Katika utafiti ule wa 2017, maiti 61 zilifanyiwa uchunguzi, na 27 zilikutwa na ugonjwa wa maana wa moyo au mishipa. Wengi wa aina hii huonekana wazima kabisa, wanakimbia kila asubuhi na kusifiwa mtaani.

Omba kipimo cha umeme wa moyo, na kama daktari ataona inafaa, picha ya moyo na kipimo cha kukimbia kwenye mashine. Mweleze kama katika ukoo wenu kuna aliyeanguka na kufa ghafla akiwa kijana. Kwetu vifo kama hivyo mara nyingi hupewa maelezo ya husuda au kurogwa, na ugonjwa wa moyo unaorithiwa unabaki kujificha. Mojawapo ya magonjwa hayo, la hitilafu ya umeme wa moyo, linajulikana kabisa kwa kuamshwa na kuogelea.

Ikiwa umewahi kuzimia ukiwa mazoezini, kubanwa kifua, au kuhema kupita kiasi kwa kazi ndogo, usiingie majini mpaka uchunguzwe. Hapa sina kulegeza.

Nimesikia mapafu yanaweza kujaa maji bila mtu kumeza maji. Ni uzushi?

Si uzushi. Mwili ukizama, msukumo wa maji husogeza damu kutoka miguuni na mikononi kwenda kifuani. Kwa watu wengine, hasa kwenye maji baridi na kwa juhudi kubwa, shinikizo kwenye mishipa midogo ya mapafu linapanda hadi majimaji ya damu yanavujia ndani ya mapafu. Mtu anaanza kukohoa, kifua kinakoroma, na anaweza kutema povu lenye rangi ya waridi. Presha ya muda mrefu inaongeza hatari. Kunywa maji mengi kupita kiasi kabla ya kuanza hakusaidii, wala suti iliyobana mno.

Hatari yake kubwa ni kwamba mwogeleaji hudhani amechoka tu au amejaa woga, kwa hiyo anajilazimisha. Ukikohoa na kukosa pumzi kusiko kwa kawaida yako, toka majini, keti wima, vua suti, na upelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili, lakini hali hii hupenda kurudi, kwa hiyo usirudi majini kabla moyo haujachunguzwa.

Bwawani naogelea kilomita mbili bila kusimama. Ziwani nitashindwa na nini?

Bwawani kila mita 25 au 50 unagusa ukuta. Wengi hawajui ni mapumziko kiasi gani wanayoyapata pale mpaka ukuta unapokosekana. Chini kuna mstari wa kukuongoza, na maji ni safi. Ziwani huoni hata mkono wako, unalazimika kuinua kichwa kutafuta boya, na kila ukiinua kichwa miguu inazama na pumzi inapotea. Wimbi likikujia upande unaovutia pumzi, unameza maji.

Kwa hiyo fanya mazoezi kwenye maji ya aina ileile utakayoshindania, usiwe peke yako kamwe, na uvute boya la rangi kali lililofungwa kiunoni ili mitumbwi na boti wakuone. Jifunze kuvuta pumzi pande zote mbili. Jizoeze kuogelea ukiwa umebanwa na wenzako watatu wanne, kwa sababu siku ya mbio si siku ya kuguswa kwa mara ya kwanza.

Maji ya kwetu ni ya uvuguvugu. Hatari ya baridi inanihusu?

Inakuhusu ukienda kushindana Ulaya, Marekani Kaskazini au Afrika Kusini. Ukibaki huku, ogopa joto.

Tarehe 23 Oktoba 2010, huko Fujairah kwenye Falme za Kiarabu, Mmarekani Fran Crippen alikufa katika mbio za kilomita 10 za Kombe la Dunia la kuogelea maji ya wazi. Alikuwa na miaka 26 na alikuwa miongoni mwa waogeleaji bora wa dunia. Bahari ilikuwa ya moto, na waogeleaji wengine walipelekwa hospitali. Waliogundua kwamba hayupo ni waogeleaji wenzake, baada ya wao kumaliza. Mwili ulipatikana yapata saa mbili baadaye. Baada ya msiba huo shirikisho la kimataifa la kuogelea liliweka kikomo cha nyuzi 31 kwa maji ya mashindano.

Nchi kavu jasho hukauka na kukupoza. Ndani ya maji halina pa kukaukia. Maji yakikaribia joto la mwili na wewe unaogelea kwa nguvu, joto unalozalisha linabaki ndani. Mtu huanza kuchanganyikiwa, anapotea njia, na hajui kwamba amechanganyikiwa. Hiyo ndiyo sababu suti za mpira hupigwa marufuku maji yakiwa ya joto: kwa washiriki wa makundi ya umri, sheria za World Triathlon, shirikisho la dunia la triathloni, huzikataza kuanzia nyuzi 22 kwenye umbali usiozidi mita 1,500, na mbio za Ironman huweka mpaka wake kwenye 24.5. Wengi hulalamika kwa sababu suti huwasaidia kuelea. Kama huwezi kumaliza umbali huo bila suti, tafuta mbio fupi zaidi.

Vipi kuhusu Ziwa Kivu? Si lina gesi?

Swali hili limezidi tangu mbio za Ironman 70.3, yaani nusu Ironman, zianze Rubavu, Rwanda, mwaka 2022. Ziwa lina gesi, tena nyingi mno: karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Lakini gesi hiyo imeyeyuka kwenye maji ya kina kirefu, zaidi ya mita 250 chini, na imebanwa huko na uzito wa maji ya juu. Mwogeleaji wa juu haigusi. Hofu ilipanda baada ya volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na ziwa, kulipuka tarehe 22 Mei 2021, na wataalamu huendelea kulichunguza ziwa.

Jambo ambalo wenyeji wa Goma na Gisenyi wanalijua vyema ni mazuku: kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, hasa alfajiri wakati upepo umetulia. Imeua watu na mifugo. Usiende kupasha mwili moto kwenye shimo au bonde usilolijua, waulize wenyeji kwanza.

Mgeni kutoka Mombasa au Dar es Salaam na akumbuke pia kwamba Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Pumzi itakuja fupi kuliko alivyozoea, kwa hiyo afike siku kadhaa mapema na aanze taratibu.

Na Ziwa Victoria na pwani yetu?

Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kwenye maji matulivu ya kando yenye majani na konokono. Ukishaogelea humo, kapime baada ya wiki sita hadi nane na utumie dawa ikithibitika. Mamba na kiboko wapo sehemu nyingi, na hakuna anayejua zilipo kuliko wavuvi wa mwalo ule. Upepo na radi hubadilisha ziwa ndani ya muda mfupi. Wavuvi wakianza kurudi, nanyi tokeni.

Baharini, panga muda kwa jedwali la maji. Kipindi cha bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yote hayo hutoka na kuingia kupitia milango ya miamba. Ukikutwa kwenye mlango wakati maji yanatoka, huwezi kushindana na mkondo. Ogelea kwa upande mpaka utoke ndani yake, kisha ndipo uelekee nchi kavu. Msimu wa kusi bahari huchafuka zaidi. Yavuyavu huwasha, na kwa wachache huleta mzio mkali, kwa hiyo mwenye historia ya mzio aseme mapema.

Maji machafu ni hatari kiasi gani?

Si chanzo kikuu cha vifo, ila huwaletea watu wengi magonjwa. Sunderland, Uingereza, mwaka 2023, watu 57 waliripoti kuumwa baada ya mbio za dunia. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 mbio za wanaume ziliahirishwa kutoka tarehe 30 hadi 31 Julai kwa sababu ya uchafu wa mto Seine baada ya mvua. Kanuni rahisi kwa miji yetu: baada ya mvua kubwa, usiogelee karibu na mitaro kwa siku mbili tatu.

Waandaaji wakisema maji yako salama, niwaamini?

Wasikilize, lakini macho ni yako. Agosti 2023, Youghal nchini Ireland, mbio za nusu Ironman zilisogezwa siku moja kwa sababu ya dhoruba, kisha zikafanyika tarehe 20. Wanaume wawili walikufa katika sehemu ya kuogelea. Baadaye chama cha triathloni cha Ireland kilisema kilishawaarifu waandaaji kwamba hakiwezi kuziidhinisha mbio hizo katika hali ile. Waandaaji walisema taarifa hiyo iliwafikia baada ya kuogelea kuisha. Vyovyote iwavyo, washiriki waliosimama pwani asubuhi ile hawakujua.

Naona ni haki ya kila mshiriki kujua, kabla ya kuvaa kofia, nani ana mamlaka ya kufuta kuogelea na kama ameridhika. Uliza kwenye kikao cha maelekezo, mbele ya wote. Na wewe mwenyewe unaruhusiwa kutoingia. Pesa ya kiingilio, tiketi ya ndege na miezi ya mazoezi vinauma, lakini ukishaziweka kwenye mizani ya kuingia au kutoingia, utaamua vibaya.

Nikishika mtumbwi wa waokoaji, nitaondolewa kwenye mbio?

Hapana! Ningependa jibu hili libandikwe kwenye kila ufukwe wa mbio. Sheria zinaruhusu kushika boya, kayaki au boti na kupumzika, mradi usisogezwe mbele. Pumzi ikirudi, unaendelea. Watu wamekufa wakiogopa adhabu ambayo haipo.

Pumzi ikinikatika katikati ya maji, nifanye nini?

Acha kuogelea. Geuka chali, laza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, tandaza mikono, na chezesha miguu kidogo tu. Suti ya mpira itakubeba ukiiacha. Toa pumzi nje, ndefu, kwa sababu aliyeshikwa na hofu huvuta hewa juu ya hewa na kifua hujaa kisiweze kupokea nyingine. Inua mkono mmoja na uupunge taratibu, au uvue kofia uipunge. Usipite dakika mbili ukijiuliza kama ni aibu.

Ili usifike hapo, ingia majini kabla ya mbio, mwagia uso na shingo, ogelea dakika chache mpaka pumzi itulie. Simama pembeni au nyuma ya kundi. Mwendo wa mita 200 za kwanza uwe ule unaoweza kuongea nao.

Nitajuaje mwenzangu anazama?

Usisubiri kelele. Anayezama kweli hana pumzi ya kupiga ukelele, na mikono yake inasukuma maji chini badala ya kupunga. Mwili umesimama wima, mdomo unaibuka na kuzama, macho hayatazami kitu. Huweza kuchukua chini ya dakika moja. Mwite. Asipojibu, simamisha wengine, piga kelele wewe, na umpe kitu cha kuelea badala ya mwili wako, kwa maana atakukumbatia mzame wote.

Tunataka kuandaa mbio zetu wenyewe. Tuanzie wapi?

Anzeni na waokoaji, kisha ndipo mzungumze medali na wadhamini. Mwokoaji asipewe kazi nyingine yoyote: asipige picha, asiongoze njia. Kila kipande cha njia kiwe na jicho lake, na kila jicho lijue linaangalia kutoka boya gani hadi lipi. Mwezi Agosti 2024, Mserbia Lazar Đukić alizama katika kuogelea mita 800 kwenye mashindano ya CrossFit, mchezo wa mazoezi mchanganyiko ya nguvu na stamina, huko Fort Worth, Texas, akiwa amebakiza kidogo kumaliza, mbele ya watazamaji. Umati ufukweni hauokoi mtu kama hakuna aliyepewa jukumu la kumtazama.

Hesabuni watu wanaoingia na wanaotoka, kwa jina na namba, na msiwaachie mashine peke yake. Waingizeni kwa vikundi vidogo au mmoja mmoja. Ironman walianza kubadili namna ya kuanza mwaka 2013 kwa sababu hiyohiyo. Boti za injini zikae nje ya njia, kayaki ndizo ziwe ndani. Pimeni joto la maji asubuhi yenyewe, mtangaze. Muwe na njia fupi ya akiba, na mbio za kukimbia na baiskeli pekee zilizokwisha kupangwa, ili kufuta kuogelea kusionekane kama kuvunja sherehe. Na wavuvi wa pale walipwe na wakae kwenye meza ya maamuzi.

Mtu ametolewa majini na hapumui. Tufanye nini kabla daktari hajafika?

Mlaze chali mahali pagumu, laza kichwa nyuma, inua kidevu. Kwa aliyezama, pumzi ndizo za kwanza: mpe tano, huku umeziba pua yake. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo bila kusimama. Usipoteze muda kukandamiza tumbo ili kutoa maji. Badilishaneni kila baada ya dakika mbili, kwa sababu mikono huchoka kabla mtu hajajua. Kifaa cha kushtua moyo kikifika, futa kifua kikauke, bandika vibandiko vyake, na fuata maelekezo yake. Akizinduka, apelekwe hospitali hata kama anasimama na kusema yuko sawa, kwani mapafu yanaweza kuharibika saa kadhaa baadaye.